Shubiri mwitu sio juisi

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hii ishu ya kunywa shubiri imezidi sasa. Ukifungua simu tu unakuta mtu anachemsha majani anasema kunywa glasi asubuhi na jioni, inasafisha tumbo, inatibu malaria, presha, sukari, yaani kila kitu, na chini watu wanajibu asante dokta (dokta wa nini sijui).

Mi sipingi shubiri. Ule ute wa ndani usio na rangi ukipaka kwenye ngozi iliyoungua kidogo unatuliza, na bibi zetu walikua wanapaka uchungu wake kwenye chuchu ili mtoto aache ziwa. Ila watu wanachanganya vitu viwili. Kata jani, pale chini ya ganda utaona utomvu wa njano unachuruzika, huo ndo mchungu na ndo wenye aloini, dawa kali ya kuharisha. Na haifanyi kazi hapo hapo, mpaka ifike utumbo mpana bakteria waivunje, inaweza kuchukua saa 6 hadi 12, sasa mtu akikaa saa mbili haoni kitu anaongeza glasi nyingine, usiku tumbo linamkata, chooni hatoki, maji na madini ya potasiamu vinapotea mwilini, na kama anameza digoksini ya moyo au vidonge vya kukojosha hapo ndo mapigo ya moyo yanavurugika. Mjamzito ndo asinywe kabisa. Hata Marekani walishaitoa kwenye dawa za kulainisha choo zinazouzwa bila cheti cha daktari tangu 2002, maana watengenezaji hawakuleta ushahidi kwamba ni salama.

Halafu wanaosema "chuma yoyote ya porini" wananitisha zaidi. Shubiri ziko aina zaidi ya 500, alovera ya kwenye makopo ni moja tu. Huku Afrika Mashariki porini kuna Aloe ballyi na Aloe ruspoliana ambazo ni sumu kweli, hiyo ya pili watu wameitumia kutegea fisi, na kwa asiyejua mimea zote ni majani manene yenye miiba pembeni.

Wanaouza kwenye chupa basi waandike ni shubiri gani na kama utomvu wa njano umetolewa. Na gazeti lako mhariri, siku moja tuwekeeni picha za hizo zenye sumu kwenye ukurasa wa afya.

Msomaji wako