Kwa mpwa wangu anayeambiwa saksafoni yake haina nguvu

Mpwa wangu,

Mama yako ameniambia kwamba kila mkimaliza mazoezi unasemwa: sauti nyembamba, puliza kama yule aliyekutangulia. Usijibizane na mtu. Kwanza msikilize Lester Young, mpiga saksafoni wa jazz wa Marekani.

Alizaliwa Woodville, Mississippi, mwaka 1909, akakulia katika bendi ya familia chini ya baba yake, Willis, mtu mkali. Alianza na drams. Aliziacha, kwa maelezo yake mwenyewe, kwa sababu akimaliza kuzifungafunga baada ya onyesho wasichana wameshaondoka. (Hilo usimwambie mama yako.)

Sasa sikia yaliyomkuta 1934. Coleman Hawkins, mfalme wa saksafoni ya tenori, aliondoka kwenye bendi ya Fletcher Henderson kwenda Ulaya. Lester akachukuliwa kuziba pengo. Hawkins alikuwa na sauti nzito, pana, yenye mtetemo. Lester akaja na sauti nyepesi, karibu haina mtetemo kabisa. Wenzake wakanung'unika. Mke wa Henderson, Leora, akawa anamwamsha asubuhi na kumpigia sahani za santuri za Hawkins ili ajifunze kupuliza "inavyotakiwa". Alivumilia miezi michache, kisha akaaga, na akamwomba Henderson barua ya kuthibitisha kwamba hakufukuzwa. Barua hiyo naipenda kuliko visa vyake vyote.

Wepesi ule aliutafuta kwa makusudi. Ujanani alimsikiliza sana Frankie Trumbauer, aliyepiga saksafoni ndogo kuliko tenori, akataka tenori yake itoe sauti ya namna ile. Akarudi kwa Count Basie, mpiga piano na kiongozi wa bendi, huko Kansas City, na Novemba 1936, mjini Chicago, akarekodi kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 27. Wimbo ni "Lady Be Good". Hawkins hupanda na kushuka kila kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) kama mtu anayekagua ngazi. Lester haoni haja hiyo: anasimulia, anameza pumzi, anaiacha midundo miwili mitatu ipite hivi hivi, kisha anaingia mahali usipomtarajia.

Alisisitiza pia kwamba mpigaji lazima ajue maneno ya wimbo. Ndiyo maana yeye na mwimbaji Billie Holiday kwenye rekodi za 1937 wanasikika kama watu wawili wanaomaliziana sentensi. Billie ndiye aliyempachika jina la Prez, yaani rais. Lester naye akamwita Lady Day.

Jeshi lilimwumiza. Aliandikishwa 1944, akashtakiwa kwa bangi na vidonge, akafungwa Georgia. Wengi husema baada ya hapo alikwisha. Mimi sikubali. Itafute video ya Desemba 1957, televisheni ya New York, "Fine and Mellow". Anainuka mgonjwa, anapiga blues mzunguko mmoja tu, noti chache. Mtazame Billie usoni. Lester alifariki Machi 1959, Billie akamfuata Julai.

Wiki hii saksafoni iache kwenye boksi lake. Chukua "Lady Be Good", uiimbe solo yote kwa mdomo, hata pale anapovuta pumzi, mpaka uweze bila rekodi. Kisha nipigie uniimbie.

Mjomba wako