Risala ya Klabu ya Raga ya Wasichana kwa Mgeni Rasmi, Tamasha la Michezo la Shule, Uyole, Mbeya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani wa kata yetu,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Wakubwa wetu, shikamooni.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutuamsha salama na kwa kuuondoa ukungu mapema, maana saa moja asubuhi leo ukisimama kwenye goli la huku ulikuwa huoni goli la kule. Na wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa nasi kwenye baridi hii. Tumeambiwa ujanani ulicheza netiboli, nafasi ya mfungaji, kwa hiyo kuna mambo humu ndani ambayo hatutahitaji kukueleza mara mbili.

Klabu yetu ilianza na wasichana 9 na mpira mmoja. Sasa tuko 26, na mpira ni ule ule mmoja. Uliletwa na mwalimu wetu wa jiografia, ambaye alijifunza raga akiwa chuoni, na una ugonjwa wa kupumua: ukijazwa upepo asubuhi, kufika saa tisa umelegea kama embe bivu. Fundi baiskeli wa hapo stendi anatujazia bure, na tunaomba jina lake la Fundi lipigiwe makofi hata kama hayupo. Magoli yale mnayoyaona, yenye umbo la herufi H, ni milingoti tuliyopewa na mzazi mmoja aliyekuwa anavuna shamba lake. Jezi tumezinunua Mwanjelwa kwenye mitumba, moja moja, kila ilipoonekana yenye kola nene na mistari. Ndiyo maana hatufanani. Beki wetu wa mwisho amevaa ya mtu mzima. Ikinyeshewa mvua inamfika magotini na inakuwa nzito kama blanketi la kufua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwenye ukuta wa stoo ya majembe kuna karatasi ya manila tuliyoibandika kwa uji wa ngano. Juu imeandikwa MATOKEO YA DADA ZETU. Ni matokeo ya timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, wanaoitwa Lionesses, yaani simba majike. Tumewachagua hao kwa kuwa ni jirani zetu, Kiswahili wanakisema, na wamekwishafika kule ambako sisi tunakuona kwenye simu ya mwalimu tu.

Anayeisoma karatasi ile kwa mara ya kwanza hucheka. Mwalimu mmoja, hatutamtaja kwa sababu amekaa mstari wa pili, alisoma matokeo ya kwanza akauliza, “Sasa hili nalo ni la kubandika ukutani?” Matokeo yenyewe ni haya: Rio, Agosti 2016, New Zealand 52, Kenya 0.

Sisi tunaomba tuusome mstari huo taratibu. Mwaka huo ndipo raga ya wachezaji 7 kila upande ilipoingia kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza. Timu za wanawake zilikuwa 12 dunia nzima, na kutoka Afrika ilikuwemo moja, Kenya. Baada ya zile 52, walifungwa na Ufaransa 40 kwa 7, halafu na Hispania 19 kwa 10. Angalieni upande wa Kenya peke yake: sifuri, saba, kumi. Mechi iliyofuata wakapoteza tena, na ile ya mwisho kabisa wakaifunga Kolombia. Wakamaliza nafasi ya 11 kati ya timu 12.

Miaka mitano baadaye, Julai 2021, wakarudi Olimpiki, safari hii Tokyo, uwanja hauna watazamaji kwa sababu ya korona. Nahodha alikuwa Philadelphia Olando, na Janet Okelo aliyekuwepo Rio alikuwemo pia. Mechi ya kwanza wakapangiwa nani? New Zealand wale wale, ambao safari hii walikuwa njiani kuchukua dhahabu. Matokeo: 29 kwa 7. Mtu wa kawaida ataona kufungwa mara mbili. Sisi kwenye manila tumechora mshale mwekundu kutoka 52 kwa 0 kwenda 29 kwa 7, na pembeni ya mshale mtu ameandika kwa penseli “pointi 30”, yaani pengo lilipungua kutoka 52 hadi 22. Urusi wakawafunga 35 kwa 12, Uingereza 31 kwa 0. Halafu wenyeji, Japani, wakafungwa na Kenya 21 kwa 17. Kanada wakawashinda 24 kwa 10, na Kenya wakamaliza wa 10. Kutoka 11 hadi 10 ni ngazi moja, na ngazi hiyo iliwachukua miaka mitano.

Lakini hadithi tunayoipenda kuliko zote ni ya namna walivyofika huko. Mara zote mbili Kenya hawakushinda mashindano ya Afrika ya kufuzu. Walishika nafasi ya pili, na mshindi alikuwa Afrika Kusini. Wakati huo kamati ya olimpiki ya Afrika Kusini haikuwa ikikubali nafasi iliyopatikana kwa njia ya mashindano ya bara, ilitaka timu zake zifuzu kwa kipimo cha dunia. Nafasi ikaachwa, ikamwendea wa pili. Ilikuwa hivyo mwaka 2015, ikawa hivyo tena 2019 kule Jemmal, Tunisia, ambako Afrika Kusini waliwashinda Kenya fainali 15 kwa 14.

Hapa klabuni tulibishana jambo hili jioni nzima hadi kengele ya chakula. Wengine walisema Kenya walibebwa. Katibu wenu, ninayesoma, nilikuwa upande wa pili, na bado niko huko: nafasi ya wa pili anapewa aliyekuwa wa pili. Wa tatu hakuitwa. Wale waliofungwa kwa pointi moja walirudi nyumbani wakaendelea na mazoezi, na barua ilipokuja iliwakuta uwanjani.

Na hiyo pointi moja, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ni kitu cha ajabu. Kwenye raga trai, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli, ni pointi 5. Teke la nyongeza baada ya trai ni 2. Penalti ni 3. Hakuna kitu chochote uwanjani kinachokupa pointi moja. Huwezi kufunga pointi moja, ila kushindwa kwa pointi moja unaweza. Mwezi mmoja tu baada ya Tokyo, Agosti 2021, kikosi cha Kenya cha wachezaji 15 kilicheza Nairobi na Kolombia kuitafuta njia ya kwenda Kombe la Dunia. Kolombia, ndiyo, wale waliofungwa Rio kwenye raga ya wachezaji saba. Matokeo yakawa Kolombia 16, Kenya 15, nyumbani, mbele ya ndugu zao. Safari hiyo hakuna aliyeiacha nafasi. Tumeziandika 15 kwa 14 na 16 kwa 15 mistari miwili ya jirani, na wasichana wapya wakijiunga ndipo tunapowasimamisha kwanza.

Yapo na ya furaha. Mwaka 2018 Kenya walikuwa mabingwa wa Afrika wa wachezaji saba kule Gaborone, na mwaka huo huo walicheza Michezo ya Jumuiya ya Madola nchini Australia. Halafu yakaja ya kurudi nyuma: Olimpiki ya Paris 2024 hawakwenda, nafasi ya Afrika waliichukua Afrika Kusini wenyewe, na safari hii hawakuiacha.

Hao Afrika Kusini nao wana mstari wao chini ya manila, kwa wino wa kijani. Kombe la Dunia la wachezaji 15 lililochezwa New Zealand mwaka 2022 walipoteza mechi zote tatu za kundi, na England waliwatandika 75 kwa 0. Mwaka 2025, kule England, waliifunga Brazili 66 kwa 6, wakaifunga Italia 29 kwa 24, na kwa mara ya kwanza wakaingia robo fainali. New Zealand wakawatoa 46 kwa 17. Fainali ya mwaka huo, England na Kanada, ilitazamwa uwanjani na watu 81,885. Tulipoisikia idadi hiyo, mmoja wetu aliuliza kama hao wote walikuja kuangalia wanawake. Ndiyo, wote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, chini kabisa ya karatasi tumeacha nafasi ya viganja viwili na kuiandika SISI. Ina mstari mmoja. Tulicheza na wavulana wa kidato cha pili, tukafungwa 40 kwa 5. Ilikuwa raga ya vitambaa, ambayo hakuna kuangushana: kila mchezaji huchomeka kiunoni vipande viwili vya kitenge, makombo ya mafundi cherehani wa Mwanjelwa, na ukichomolewa kimoja umekabwa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Ile trai yetu moja ilifungwa na winga ambaye miezi miwili nzima alikuwa anaukwepa mpira kama anaukwepa mwiba. Mpira ulimfikia pembeni kabisa, akakimbia kwa sababu alikuwa anamkimbia kijana mmoja mrefu, akateleza kwenye tope kama mita tatu hivi kwa tumbo, na aliposimama akakuta amevuka mstari na mpira uko kifuani. Hakujua kama ni pointi. Alimwuliza refa. Jezi yake hatukuifua kwa wiki moja, hadi matroni alipoingilia kati.

Wazazi wetu wamekuwa na hofu, na hatuwalaumu. Mama mmoja wa Igawilo alikuja Jumamosi kumtoa binti yake, kajifunga kanga ya pili kiunoni kabisa. Akasimama kuangalia kidogo kabla ya kuita jina. Baada ya dakika kumi akamwuliza mwalimu, “Mbona wanarudisha mpira nyuma, wanaogopa?” Mwalimu akamweleza kwamba kwenye raga pasi ya mkono ni ya nyuma tu, mbele unakwenda kwa miguu yako. Akanyamaza. Akasema, “Basi yule mwenye jezi ya bluu anasimama vibaya.” Siku hizi kila Jumamosi anakuja na ndoo ya viazi vya kuchemsha na anatoa maelekezo ambayo mwalimu hakuyaomba. Mama, tumekuona hapo nyuma, karibu sana.

Sasa tuseme shida zetu. Kuna mdau mmoja alikuja mwaka jana, akapiga picha nasi, akaahidi mipira 6. Picha tuliziona. Mipira bado iko njiani. Uwanja wetu una mteremko upande wa barabara, kwa hiyo kipindi cha kwanza kila timu inataka kucheza kushuka. Vilinda meno hatuna. Mwalimu wetu hajapata mafunzo rasmi ya ukocha, na yeye mwenyewe amekataa katakata kutufundisha kuangushana mpaka ayapate, maana kukaba vibaya kunavunja shingo. Tunamwunga mkono, ingawa wengine wetu tuna hamu.

Lakini shida kubwa si hizo. Shida kubwa ni kwamba hatuna mtu wa kutufunga.

Wenzetu wa netiboli wana UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, wana shule za jirani, wana wanaowaonea na wana wanaoonewa nao. Sisi tumegawanyika Bluu na Njano, tunajuana hadi namna ya kupumua. Rekodi ya Kenya unayoiona pale ukutani, yenye sifuri zake na 52 zake, imetokana na kupata mechi. Aliyewafunga aliwapa kitu cha kuandika, na walichoandika mwaka 2016 ndicho walichokipunguza mwaka 2021. Sisi hatuna cha kupunguza.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu la kwanza ni mipira mitatu, na miwili kati ya hiyo si yetu. Ni ya shule mbili, moja upande wa Rungwe na moja upande wa Mbozi, zitakazokubali kuanzisha timu za wasichana. Wewe una sauti kwa walimu wakuu kuliko sisi. Tutakwenda wenyewe kuwafundisha, vitambaa vya vitenge tutawakatia, milingoti wanayo. Tunawaomba kitu kimoja tu, wakishajua kucheza waje watufunge.

La pili, mwalimu wetu apate nafasi ya kwenda kwenye mafunzo ya ukocha yatakapotokea. La tatu, Kosta moja, safari moja, ya kwenda Dar es Salaam au Arusha ambako raga ina miaka mingi. Ni zaidi ya kilomita 800 kwa Dar, tunajua, na tunajua tutafungwa nyingi. Nafasi kwenye manila tumeshaipima, pointi za tarakimu tatu zinaenea. Ule mteremko wa uwanja tutauvumilia, tumeshauzoea, na pengine wageni hawatauzoea haraka.

Baada ya risala hii Bluu na Njano watacheza mbele yako dakika 7, mapumziko dakika 2, halafu dakika 7 nyingine. Tunakuomba uje katikati ya uwanja upulize kipenga cha kuanza. Tunakuomba pia, kwa heshima zote, hotuba yako iwe baada ya mechi, kwa sababu mpira ulijazwa saa mbili asubuhi na sasa inakaribia saa tisa.

Naomba kuwasilisha.

Risala hii imesomwa kwako na Katibu wa Klabu, kidato cha nne, kwa niaba ya wanaraga 26.