Simu ya Kugusa kwa Mikono ya Kazi

Makole,
Dodoma.
21 Agosti 2010

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Dodoma. Sisi huku ni wazima, ila upepo wa mwezi huu umetujaza vumbi hadi kwenye sufuria. Nataraji nanyi huko Singida hamjambo, na kwamba bei ya alizeti haijakuvunja moyo. Barua yako niliipata, nami nimechelewa kuijibu kwa sababu umeuliza jambo ambalo wauza simu huwa hawaligusi: je, hizi simu za kugusa, ambazo vijana wanaziita simu za tachi, zinamfaa mtu anayeshinda kwenye magunia kutwa nzima?

Ninayotumia mimi ni Nokia 5800, iliyotangazwa mwaka 2008, baada ya Wamarekani kuanza kuuziwa iPhone ya kwanza mwezi Juni 2007. Nazitaja zote mbili kwa makusudi, kwa kuwa ukiziona mezani utadhani ni ndugu, ilhali vioo vyao havifanyi kazi kwa namna moja. Kioo cha simu yangu kina matabaka mawili membamba yaliyoachana kidogo. Ukibonyeza, tabaka la juu hushuka likagusana na la chini, na hapo ndipo simu inapojua umegusa wapi. Kioo cha iPhone hakihitaji kubonyezwa, kwani chenyewe huhisi jinsi ngozi ya kidole inavyobadilisha umeme mdogo uliotandazwa juu yake. Kwa hiyo ukikigusa kwa ukucha, kwa kijiti cha kawaida, au ukiwa umevaa glovu nene, kinanyamaza.

Dukani tofauti hiyo utaiona ndogo. Huku kwetu sasa ni msimu wa kuvuna zabibu, na mimi nashinda Hombolo au Mpunguzi nikipima mizigo ya wakulima, vidole vikinata kwa maji ya zabibu na vumbi likiganda juu yake. Simu ikilia sina shida, maana chini ya kioo kuna vitufe halisi vya kupokea na kukata, na hilo naliona busara kubwa ya walioitengeneza. Nikitaka kupiga, nasukuma swichi ya kufungulia iliyo ubavuni, kisha nabonyeza tarakimu kwa ukucha wa kidole gumba, na kioo kinapokea bila kinyongo. Nyuma, kwenye mfuniko, kumechomekwa kijiti chembamba cha plastiki. Nikikaa kivulini kuandika kilo za kila mkulima nakichomoa hicho, na kioo kinabaki kisafi. Ukipenda unaweza hata kuandika herufi kwa mkono juu ya kioo simu ikazisoma, ingawa mwandiko wangu unaujua.

Kuandika ujumbe ndiko kunakochosha. Katika simu zetu za vitufe, kidole kilikuwa kikipapasa kile kidoti kwenye namba tano, na mtu aliweza kuandika akiwa nyuma ya bodaboda bila kutazama. Kioo ni bapa pote. Ukibonyeza, simu hutetemeka kidogo kukujulisha kwamba imesikia, lakini haikuambii imesikia herufi gani, hivyo huna budi kutazama kila unachogusa. Ukiishika wima inakupa vitufe vya tarakimu vyenye herufi tatu tatu kama zamani; ukiilaza inakupa herufi zote kama za kompyuta, ila zinafunika karibu kioo chote na ule ujumbe unaoujibu huuoni tena. Kwa mtu kama wewe, anayewaandikia madereva usiku na mchana, hilo si dogo.

Kuna na jambo la kuzoea. Picha za kwenye menyu hufunguka kwa kuguswa mara moja, lakini kwenye orodha ya majina au ya ujumbe, mguso wa kwanza huchagua tu na wa pili ndio unaofungua. Mgeni hudhani simu imegoma. Isitoshe, jua la saa saba likiwa utosini, hayo matabaka mawili hurudisha mwanga kiasi kwamba unaona uso wako kabla hujaona jina la anayepiga.

Kwa kusoma, lazima niseme ukweli, kioo cha iPhone ni kitamu zaidi: unakuza maandishi kwa vidole viwili, wakati changu kinaelewa kidole kimoja tu kwa wakati mmoja. Lakini betri yake imefungiwa ndani, ya kwangu naibandua na kuweka nyingine niliyoichaji jana. Chaja ni ile ile ya pini nyembamba, ambayo utaikuta kwenye kila kibanda cha kuchajia simu kuanzia Majengo hadi Kibaigwa. Wewe unayelala vijijini wakati wa kununua alizeti, pima hapo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: simu yako ya vitufe ibaki kwa ajili ya madereva, na ukinunua ya kugusa, nunua yenye kioo cha kubonyeza, uitumie kwa hesabu za magunia, picha na redio. Ikiwa ni iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, usiridhike kukijaribu kioo katikati tu. Bonyeza pembe zote nne kwa ukucha, hasa mbili za chini, kwa kuwa ndipo palipo na maneno ya kufungulia orodha na ya kurudi nyuma, na kioo kikichoka pembe hizo hutaweza kufanya lolote.

Msalimie sana shemeji pamoja na watoto. Ukishuka Dodoma na mafuta ya alizeti, nitakuachia yangu ushinde nayo sokoni kabla hujatoa fedha yako.

Ni mimi rafiki yako,
wa Makole.