Misemo ya mabaharia isielezwe kwa ngano

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie tabia iliyoenea miongoni mwetu tunaofundisha Kiingereza, na hata katika kurasa za lugha magazetini, ya kuupa kila msemo wa lugha hiyo asili ya baharini bila kuuliza ushahidi uko wapi.

Unaonikera zaidi ni mfano wa "posh", neno ambalo Waingereza hulitumia kwa mtu au kitu cha kifahari. Husimuliwa kwamba ni ufupisho wa "port out, starboard home" (kushoto kwenda, kulia kurudi) uliogongwa kwenye tiketi za matajiri waliosafiri kwa meli kati ya Uingereza na India, ili wapewe vyumba vya upande wa kushoto wakati wa kwenda na vya kulia wakati wa kurudi, walikwepe jua. Hadithi ni tamu, lakini tiketi yenyewe hakuna aliyewahi kuionyesha.

Linaloudhi ni kwamba misemo ya mabaharia iliyothibitika ina utamu unaoishinda ngano hiyo. Mtu aliyeduwazwa na jambo huwa "taken aback", na hilo ndilo lililokuwa likiipata merikebu pale upepo ulipogeuka ghafla ukayapiga matanga kwa mbele, yakabanwa kwenye milingoti, chombo kikasita na pengine kurudi kinyumenyume. "Slush fund", yaani fedha za siri ambazo leo tunazihusisha na rushwa, ilianzia jikoni mwa meli: mpishi alipochemsha nyama ya chumvi aliyaengua mafuta yaliyoelea juu, yaliyoitwa "slush", akayaweka mapipani, kisha yakauzwa bandarini kwa watengeneza mishumaa, na fedha zake ndizo zilizokuwa "slush fund". Hata "first-rate", yaani bora kabisa, lilikuwa daraja rasmi la manowari za Uingereza zenye mizinga 100 au zaidi, kama HMS Victory, iliyoshushwa majini mwaka 1765 na ambayo bado ipo Portsmouth.

Mwanafunzi wa huku Pwani, anayesikia kila siku kwamba mambo yamekwenda mrama, yaani yameyumba kama chombo baharini, hahitaji kubembelezwa akubali kwamba vyombo vya baharini huzaa misemo.

Ombi langu kwa wanaoandaa kurasa za lugha ni kwamba, kabla ya kuchapa maelezo ya aina hii, waulize kama yapo maandishi ya zama za matanga yanayoutumia msemo husika kwa maana ya kazi ya chombo, na yasipokuwapo, waandike bayana kuwa hayo ni masimulizi tu.

Mwalimu wa Kiingereza,
Tanga.