YAH: KADI YANGU YA GRAFIKI ILIYONYOFOLEWA NA FUNDI WENU

Ndugu Meneja,

Salamu. Masharti ya udhamini mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo sitayarudia.

Kompyuta yangu niliileta Jumanne ipulizwe vumbi. Vumbi tu. Ijumaa imerudi na kadi moja ya grafiki badala ya mbili. Iliyobaki ni RTX 3060 yenye kumbukumbu ya GB 12, ambayo kwangu kazi yake ni moja tu: kurenda, yaani kugeuza mchoro kuwa picha kamili. Iliyonyofolewa ni GT 1030 ya GB 2, ile ndogo iliyokuwa imechomekwa waya wa skrini.

Jumamosi nikaja kuuliza. Fundi wenu, macho kwenye simu, akanijibu: "Dada, skrini moja, kadi mbili za nini? Wewe chora, mashine tuachie sisi."

Za nini? Ninaporenda nyumba ya mteja kwenye Blender, programu yangu ya michoro, kadi hukamuliwa mpaka mwisho. Skrini ikitegemea kadi hiyohiyo, kipanya kinaganda, na Windows ikiona kadi haiitiki kwa sekunde 2 huianzisha upya. Kazi ya usiku kucha inafia njiani. Tangu Ijumaa imenitokea mara mbili. Kuepuka hayo ndiyo sababu niliwalipa ninyi wenyewe mwaka jana mnifungie kadi ya pili, risiti ninayo. Na siku ile ya kufunga, fundi huyohuyo alizitia tiki kadi zote mbili kwenye Blender akaniambia sasa nina GB 14! Kumbukumbu za kadi hizo hazijumlishwi, kila moja hubeba mchoro mzima. Nilirekebisha mwenyewe, nikanyamaza.

Safari hii sinyamazi. Niliambiwa "wewe chora" mbele ya wateja wanne, na mmoja ni kijana anayejifunza kazi ofisini kwangu. Wakacheka. Wakati huo kadi yangu naiona kwenye droo iliyo wazi, karibu na kiwiko chake, bado ina kibandiko cha kijani nilichoandika kwa mkono wangu: SKRINI. Nikamwonyesha. Akaisukuma droo kwa goti, ikafungwa.

Naomba kadi irudishwe na ifungwe bila malipo. Fedha ya usafi nayo irudi. Fundi aniombe radhi palepale kaunta, wateja wakiwepo, na siku mbili za kazi nilizopoteza mzilipe. Mwisho ni Ijumaa saa 10 jioni. Ikipita hapo, kadi sitaitaka tena: nitadai bei ya mashine nzima, na barua hii pamoja na risiti nitazipeleka Tume ya Ushindani mwenyewe.

Mteja wenu,
Msanifu majengo, Dar es Salaam