Jozi moja ya glavu, watu wawili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mimi ni mkazi wa Gungu, hapa Kigoma, na huu ni mwaka wa nne nafanya kazi katika kiwanda kidogo cha sabuni za mawese. Kazi yenyewe naipenda. Mawese yakishachanganyika na kostiki, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, uji ukaanza kuwa mzito na kuvuta kwenye mwiko, unajua sabuni imekubali. Raha yake haielezeki.

Lakini kostiki inaunguza. Mwenzangu na mimi tuligawana jozi moja ya glavu, yeye mkono wa kulia, mimi wa kushoto. Siku tone liliponirukia kiganjani niliambiwa ninawe, nirudi kazini. Kovu ninalo.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Ile ya Ajira ya 2004 imeweka saa 45 kwa wiki, zinazozidi zilipwe mara moja na nusu. Sisi vibarua malipo ni yale yale, tufanye saa nane au kumi na mbili.

Wakaguzi wasiishie ofisini kwa meneja. Waje hadi kwenye mapipa, watuambie tuwaonyeshe mikono.

Mfanyakazi wa kiwandani,
Kigoma