Malalamiko kuhusu safari ya mvinyo Dodoma

Dar es Salaam,
4 Novemba 2024

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUREJESHEWA FEDHA ZA SAFARI YA DODOMA YA TAREHE 26 OKTOBA 2024

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nililipa shilingi 185,000 kwa kila mtu, jumla 740,000, kwa ajili yangu, mume wangu, mama mkwe na wifi yangu. Tangazo lenu, ambalo bado ninalo kwenye simu, liliahidi kwenda na kurudi siku hiyohiyo kwa treni ya SGR, viwanda viwili vya mvinyo, chakula cha Kigogo, na "kuvuna zabibu kwa mikono yenu". Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyomfanya mama mkwe akubali kuamka saa tisa usiku. Yeye ni mlokole, mvinyo haugusi, alitaka kukata kishada chake mwenyewe apige picha.

Treni sina la kuilalamikia. Matatizo yalianza tuliposhuka. Basi dogo lilitukuta stesheni tukiwa tumeshasubiri saa nzima na dakika kumi, na kiyoyozi chake hakifanyi kazi. Dodoma ya mwishoni mwa Oktoba, kabla mvua haijaanza, mnaijua.

Tulipelekwa kwanza Hombolo, kaskazini-mashariki ya mji. Kiwandani pale tulipokelewa vizuri, tukaonyeshwa mapipa na kuonjeshwa mvinyo mweupe wa Chenin Blanc ambao mume wangu anausifia hadi leo. Tukanunua chupa sita, 108,000. Kiwanda cha pili sikitaji, maana kosa si lao: mlinzi alitoka getini akatuambia hakuna mtu aliyewapa taarifa kwamba kuna wageni. Badala yake mwongozaji wenu akatupeleka duka la vinywaji mjini akasema tuangalie chupa kwenye rafu. Rafu za namna hiyo tunazo Sinza.

Chakula cha Kigogo kikawa chipsi mayai. Mimi nilikuwa nimeutamani ugali wa uwele na mlenda tangu siku niliyolipa.

Saa nane mchana, jua la utosi, tukafika shambani Mpunguzi, barabara ya Iringa. Yaani tumetoka kaskazini, tumeukata mji, tumekwenda kusini, wakati shamba ndilo lilipaswa kuwa la asubuhi. Na shamba lenyewe, ndugu Meneja, lilikuwa nguzo, nyaya na vijiti. Hakuna kishada hata kimoja. Mwongozaji akasema zabibu "zimechelewa mwaka huu".

Mwenye shamba akacheka, kisha kwa upole akatueleza yale ambayo tulikuwa tumewalipa ninyi mtueleze. Kwamba Dodoma haina baridi ya kuulaza mzabibu kama Ulaya, kwa hiyo mkulima ndiye anayeulaza: anaukatia maji, halafu anaupogolea, na kama miezi minne baadaye anavuna. Ndiyo maana wanavuna mara mbili kwa mwaka, mara ya kwanza kuanzia Februari, ya pili Agosti na Septemba. Shamba lake alikuwa amelipogolea wiki mbili kabla. Alitueleza pia habari za mchuzi wa zabibu (juisi yake), ambao wakulima wanakamua na kuhifadhi wenyewe wasubiri wanunuzi, kwa sababu zabibu mbichi haimsubiri mtu. Dakika arobaini zile ndizo zilizokuwa safari. Tulimpa mzee wa watu 20,000 kutoka mfukoni mwetu.

Hivyo hakuna kilichochelewa. Mliuza mavuno mwezi usio na mavuno, na mtu yeyote wa Dodoma angewaambia hivyo kwa simu moja.

Limebaki la chupa. Dereva alitusisitiza tuziache kwenye buti, na basi likakaa juani mchana kutwa. Tulipofika nyumbani vizibo viwili vilikuwa vimesukumwa juu na chupa moja inavuja. Tulifungua mbili: rangi imeiva, ladha ni ya zabibu kavu zilizochemshwa. Sio mvinyo tuliouonja Hombolo. Mnapeleka watu kununua mvinyo kwenye nchi ya joto bila hata deli la barafu?

Naomba yafuatayo: nusu ya nauli yetu, 370,000, pamoja na bei ya chupa, 108,000; jumla 478,000, kwa namba ileile ya simu niliyolipia. Nusu nyingine sidai, kwa sababu treni tulipanda na Hombolo tulifika. Pia liondoeni tangazo lile au liandikeni miezi ya mavuno.

Nasubiri kwa siku 14 tangu tarehe ya barua hii. Zikipita, nitapeleka nakala pamoja na picha ya tangazo na stakabadhi Tume ya Ushindani, kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Mama mkwe anauliza kama Februari mtampeleka bure. Nimemwambia nitaliandika, nimeliandika.

Wenu,
Mteja, safari ya watu wanne

Viambatanisho: picha ya tangazo, stakabadhi mbili, picha za vizibo